Mguu wa Bibi na Mota Mbili

Katika miaka yote niliyotangatanga hakuna mtu aliyewahi kuniomba ushauri. Nilikuwa na miaka thelathini na minne bibi yangu aliponiomba, nami nikampa ushauri mbaya kwa moyo wangu wote.

Bibi huyo ni mdogo wake bibi mzaa mama. Anaishi Mkata, nyuma kidogo ya barabara kuu, na anashona nguo kwa cherehani ya kukanyaga tangu mama yangu akiwa msichana mdogo. Ananiita mume wangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, na kila nikirejea kutoka nilikokuwa hunisimanga mbele ya wateja: "Mume gani wewe? Umeondoka na shati moja, umerudi na shati lilelile, na kifungo umepoteza." Halafu anakishona kifungo kipya nikiwa nimelivaa shati hilohilo, ili nisiweze kuondoka kabla hajamaliza kusema.

Siku hiyo alinipigia simu nikiwa Korogwe, na hakusimanga.

"Mume wangu," alisema, "wanataka kuchukua kigingi changu."

Inabidi nieleze kigingi. Lambo la pale kwa bibi lilichimbwa zamani kwa ajili ya ng'ombe na maji ya nyumbani. Baadaye mtu akatia vifaranga vya perege, na kambale wakaja wenyewe bila kualikwa. Ndani ya maji vimesimama vigingi kumi na viwili vya mti mgumu. Kila kigingi kina mwenyewe, na mwenye kigingi tu ndiye anayeruhusiwa kuvua hapo. Kuna miezi kamati hulifunga lambo ili samaki wakue. Siku ya kulifungua, kila mwenye kigingi huingia peke yake kwenye chombo chake, huenda hadi kigingini kwake, huvua samaki mmoja kwa ndoano, na humleta kwenye sufuria moja kubwa inayochemka ukingoni. Sharti awe ameleta kabla ya adhana ya adhuhuri. Samaki wote hupikwa pamoja na kila aliyekuja hula. Asiyeleta samaki hula vilevile, ila kigingi chake hupewa anayefuata kwenye foleni. Huwezi kutuma mtoto, kibarua wala mjukuu. Na aliyekuwa akisubiri kigingi asikipate, huyo ndiye anayesugua sufuria. Sheria hii haijaandikwa popote, ndiyo maana hakuna aliyeweza kuifuta.

Kigingi cha bibi kilikuwa cha marehemu mume wake. Alikipata alipofiwa, na kila mwaka alikwenda kukitetea kwa kasia, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na mmoja. Lakini mvua zilizopita bega lake la kulia lilianza kuuma, na sasa mkono haukupanda juu ya kiuno bila yeye kupiga kelele.

"Bega limekufa?" nilimuuliza.

"Halijafa. Limestaafu."

"Na kwenye foleni yuko nani?"

"Nani mwingine? Shemeji yangu. Ameshapaka rangi mtumbwi wake. Kijani! Kama mlango wa choo."

Shemeji huyo ni mdogo wake marehemu, mzee mwenye meno mengi na maneno mengi kuliko meno. Nilimwambia bibi kwamba samaki wanauzwa hata pale barabarani, wamekaangwa tayari.

"Mume wangu," alisema, "pale ndipo mahali pekee duniani ambapo hakuna mtu anayeniletea zipu."

Basi nikamwambia asubiri, kwa sababu ilitokea kwamba nilikuwa nimekaa juu ya dawa yake. Ninaposema nimekaa, nilikuwa nimekaa kweli.

Mimi shule niliiacha kidato cha pili. Nilimuuliza mwalimu wa fizikia kwa nini baiskeli husimama wima ikienda na huanguka ikisimama, akaniambia niketi. Nikatoka kwenda kutafuta jibu mwenyewe na sikurudi. Tangu hapo nimekata mkonge, nimepakia machungwa, nimefyeka nyasi kandokando ya reli Mnyuzi, nimechunga kuku elfu moja Kwamndolwa ambao walinichunga wao. Wakati huo wa simu ya bibi nilikuwa kibarua kwa mzee mmoja karibu na stendi ya Korogwe, fundi wa betri anayenunua pia kila kitu kilichokufa akiamini kitafufuka. Miongoni mwa maiti zake kulikuwa na masanduku mawili kutoka kambi moja ya watalii iliyofungwa huko mtoni. Hakuna aliyejua vya ndani ni nini. Bosi alishikilia kwamba ni mashine za kukorogea zege laini. Mke wake alisema ni feni za matajiri wanaopenda upepo miguuni. Mimi nilivitazama kwa wiki nzima, nikatafuta picha kwenye simu, mpaka nikajua: ni mota za umeme za kuendeshea boti ndogo. Zinatumia betri ya lori, hazina moshi, na hazipigi kelele. Unaweza kumsogelea samaki nayo kama unavyomsogelea mtu anayekudai.

Zilikuwa mbili, na hazikufanana. Moja ilikuwa ya mkono. Unaifunga nyuma ya chombo, ina mpini. Ukiuzungusha inaongeza mwendo, ukiusukuma huku na huku chombo kinageuka. Nyingine ilikuwa ya mguu. Hii inakaa mbele, inakivuta chombo badala ya kukisukuma, na kutoka kichwani kwake inashuka kamba ya chuma mpaka kwenye kibao cha kukanyaga. Ukikandamiza vidole mota inageukia kulia, ukikandamiza kisigino inageukia kushoto. Pembeni mwa kibao kuna kitufe. Ukikikanyaga, pangaboi linazunguka. Mikono yote miwili inabaki huru kwa ajili ya mshipi na samaki.

Bosi alikubali kutupatia moja kwa malipo ya suti ya mikono mifupi ambayo bibi angemshonea kwa ajili ya harusi ya binti yake. "Chukua zote mbili mkajaribu," alisema. "Moja irudi. Na betri irudi. Na wewe ukirudi sawa, usiporudi sawa."

Kazi ikawa kuchagua. Mimi sichagui kitu bila kuuliza, na siulizi mtu mmoja. Siku hiyo nilizunguka stendi nzima na swali langu: mkono au mguu?

"Mguu," alisema kijana wa bodaboda. "Mimi gia zote ziko mguuni, na bado mikono inasalimia warembo."

"Ana mikono mingapi huyo bibi?" aliuliza mama muuza chai.

"Miwili, ila mmoja umestaafu."

"Basi uliobaki mwachieni ajikunie. Mpeni ya mguu."

Dereva mmoja wa basi la Tanga aliyekuwa anakula muhogo alitafuna, akameza, akasema, "Mkono ndio unaojua njia. Mguu wenyewe unajua kwenda tu." Sikumjali, kwa sababu alikuwa amelikanyaga embe la mtu wakati anaongea.

Mchungaji mmoja wa Kimaasai aliyeleta betri yake ya sola kuchajiwa alisikiliza maelezo yangu yote, mbele na nyuma, akauliza swali moja: "Ng'ombe unamswaga ukiwa mbele yake?"

"Hapana, nyuma."

"Na wewe unataka kuweka mashine mbele?" Akatikisa kichwa, akaondoka na huzuni yake.

Lakini mimi nilikuwa nimeshafikia uamuzi, na hoja yangu ilikuwa nzuri kiasi kwamba niliirudia kwa kila mtu. Bibi ana bega bovu. Bibi ni fundi cherehani. Kwa miaka hamsini miguu yake imekuwa juu ya kibao cha kukanyaga. Kama kuna mtu Tanzania nzima aliyezaliwa kwa ajili ya mota ya mguu, ni bibi yangu. Bibi mwenyewe aliposikia alicheka kwa furaha mpaka akakohoa. "Ya mguu!" alisema. "Hiyo nitaiendesha huku napiga kola."

Nilipanda lori la mizigo na masanduku yangu, nikashuka Mkata siku tatu kabla ya lambo kufunguliwa. Kwa kuwa lambo lilikuwa bado limefungwa, hata chombo kitupu hakikuruhusiwa kugusa maji. Tulilazimika kufanyia mazoezi uani. Kiboti cha bibi ni cha mbao, marehemu alikiunda mwenyewe, kina mbele bapa na nyuma bapa kama sanduku lililobadili mawazo. Tulikiweka juu ya nyasi, nikafunga mota ya mguu mbele na betri katikati. Mbele ikawa nzito, kiboti kikainamisha pua kama mbuzi anayenusa. Basi nikafunga mota ya mkono huko nyuma, si kwa kazi yoyote, bali kama jiwe la kusawazisha uzito. Huo ndio uamuzi pekee wa busara niliofanya mwaka huo, na niliufanya kwa bahati mbaya.

Bibi alivua ndala, akapanda, akaketi, akauweka mguu wa kulia juu ya kibao.

"Vidole, kulia," nilimwambia. "Kisigino, kushoto. Ukitaka kwenda moja kwa moja, usifanye kitu. Tulia tu."

"Nimeelewa. Mimi si mtoto."

Akakanyaga kitufe. Pangaboi likazunguka hewani. Na papo hapo mguu wa bibi ukaanza kushona.

Sijui nieleze namna nyingine ipi. Vidole, kisigino, vidole, kisigino, kwa mwendo uleule wa kuunganisha upande wa suruali. Kichwa cha mota kikawa kinageuka kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayekataa chakula kwa nguvu zote.

"Bibi, tulia!"

"Nimetulia!"

"Mguu wako!"

Akautazama mguu wake. Alipoutazama ukasimama. Alipoacha kuutazama ukaanza tena. Tulijaribu mguu wa kushoto. Huo ulishona kwa kasi zaidi. Tulijaribu kuhesabu, tulijaribu kusema bismillahi na kuanza upya, tulijaribu mimi kumshika kifundo, jambo lililowafanya majirani wawili waje uani kuuliza kama bibi anaumwa.

"Ni chuma," alisema bibi hatimaye, anautazama mguu kama mtoto wa jirani. "Unyayo ukikutana na chuma baridi, unaona ni kazini."

Maneno hayo yalinifungua akili. Kumbe tatizo ni ngozi kugusa chuma! Nikakimbilia barabarani wanakouza viatu vya matairi ya gari, katambuga, vile vinavyovaliwa na wachungaji, nikarudi na jozi moja nene kuliko mkate. Bibi akavaa. Akakanyaga kitufe. Mguu ukakaa kimya, kama umepewa likizo. Vidole: kulia. Kisigino: kushoto. Akakiendesha kiboti juu ya nyasi kwa nusu saa, akaenda mpaka kigingini kichwani mwake na kurudi, akavua samaki wa hewani watatu na kunipa niwakaange. Siku ya pili alifanya vizuri zaidi. Nilijiona mhandisi.

Asubuhi ya kufungua lambo tulikuta watu wamejaa ukingoni, na sufuria kubwa tayari juu ya mafiga. Shemeji yake bibi alikuwa amesimama kando ya mtumbwi wake wa kijani, amevaa kofia ya sherehe.

"Shikamoo babu," nilisema.

"Marahaba, mwizi wa wake. Umemletea mke wangu pangaboi la nini? Analalamika joto?"

"Mke wako nani?" alidakia bibi. "Ulisimama kunirithi, nikakukataa mbele ya wazee wote. Leo hata kigingi kitakukataa."

"Kigingi hakina mdomo, shemeji."

"Na wewe ungekosa wako tungepona. Umeandaa majivu ya kusugulia sufuria?"

Watu walicheka. Mwenyekiti wa kamati, mzee mpole anayeongea polepole, alikizunguka kiboti chetu mara mbili, akaangalia mota ya mbele, akaangalia ya nyuma, akasema sheria haikutaja mashine, kwa hiyo haikuikataza. Nilianza kupumua. Kisha macho yake yakashuka chini.

"Viatu, mama," alisema.

Pale watu huchota maji ya kunywa. Hakuna kiatu kinachoingia lambo, wala kinachopanda chombo cha lambo. Kila mtoto wa Mkata anajua. Mimi sikujua, maana miaka ambayo ningejua nilikuwa Mnyuzi nafyeka nyasi. Nilimgeukia bibi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani sketi itafunika," alisema, akavua katambuga moja, kisha nyingine, akanikabidhi kama mtu anayekabidhi silaha.

Aliingia majini miguu mitupu. Wanaume kumi na mmoja walishaondoka zamani na kasia zao. Bibi aliketi, akaweka mguu juu ya chuma, akatazama mbele kwa ukali, na kwa hatua labda ishirini kiboti kilikwenda sawa, kimya, bila kasia, bila kelele. Watu wakaguna kwa mshangao. Nadhani mguno huo ndio uliomharibia, kwa sababu aliinua macho kuusikiliza.

Mguu ukaanza kushona.

Kiboti kikaenda kulia, kikaenda kushoto, kikatikisa makalio kama bata. Kikapita kigingi cha kwanza kwa upande usiofaa, kikarudi kukipita kwa upande mwingine, kikamzunguka mtu wa kigingi cha tatu aliyekuwa anavua kwa amani.

"Fundi!" mtu alipaza sauti. "Unalishona lambo?"

"Anapiga zigizaga!"

"Mama, na mimi nipunguzie kiuno ukirudi!"

Shemeji yake alikuwa amekaa chini kwa kicheko, kofia mkononi. Lakini mimi nilikuwa naangalia jua. Bibi alizunguka, akazunguka tena, na kila mzunguko ulimweka mbali zaidi na kigingi chake, ambacho kilikuwa cha mwisho kabisa upande wa matete. Wanaume walianza kurejea mmoja mmoja na samaki wao. Nilimwona bibi ameacha kukanyaga. Kiboti kilielea. Alikuwa ameinamisha kichwa, na kutoka pale niliposimama nilijua, bila kusikia neno, kwamba alikuwa anausema ule mguu wake kwa matusi ya Kizigua.

"Mwenyekiti," nilisema, "naruhusiwa kumwelekeza?"

Mwenyekiti akafikiri, kama kawaida yake, kwa muda mrefu kuliko hali yenyewe ilivyoruhusu. "Mwili hapana," alisema. "Mdomo unaruhusiwa."

Nikaingia maji mpaka magotini, nikapiga kelele kwa pumzi yote niliyojaliwa. "Bibi! Badilisha waya! Toa vibanio vya mota ya mbele kwenye betri, weka vya ile ya nyuma! Chekundu kwa chekundu!"

"Ya nyuma si jiwe tu?"

"Ni jiwe lenye umeme! Shusha mguu wake majini! Mguu wa mota, si wako!"

Alihamia nyuma kwa makalio, kidogo kidogo. Mkono wa kulia ulikuwa unafanya kazi vizuri mradi ukae chini ya kiuno, na betri ilikuwa sakafuni. Akafunga vibanio. Akashika mpini kwa mkono wa kushoto, akazungusha, na kiboti kikaruka moja kwa moja kuelekea matete.

"Kinakwenda kinyume!" alilia. "Nasukuma kushoto, chenyewe kinakwenda kulia!"

Lilikuwa swali la baiskeli tena. Lakini kabla sijasema neno niliona mgongo wake umenyooka.

"Aaa," alisema, kwa sauti ya kawaida, ila maji yalituletea. "Kumbe kola."

Baadaye alinieleza. Ukishona kola, sindano haiendi popote. Kitambaa ndicho unachokigeuza. Ukitaka mshono uende kulia, unageuza kitambaa kushoto, na mkono unaogeuza ni wa kushoto. Kwa miaka hamsini mguu wake haukuwahi kuambiwa kwenda kulia wala kushoto. Uliambiwa nenda. Njia ilikuwa kazi ya mkono. Nilimkumbuka yule dereva wa muhogo na nikatamani kumwomba radhi, pamoja na mwenye embe.

Kutoka hapo bibi alikwenda kama mkasi kwenye khanga. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu ya kiboti kwa mwendo wake uleule, hauna kazi, haumsumbui mtu. Watu waliacha kucheka. Alifika kigingini, akazima mota, akakikumbatia kigingi kwa mkono wa kushoto kama ndugu aliyepotea, maana upepo ulikuwa umeanza na kamba hakuweza kuifunga kwa mkono mmoja. Akateremsha mshipi kwa mkono wa kulia, chini chini. Perege wa kwanza alivuta mara moja tu; bega likapiga kelele, bibi naye akapiga kelele, akaachia, perege akaenda na chambo.

"Muda," alisema shemeji yake kwa upole, akiliangalia jua kama mali yake.

Muadhini wetu alikuwa miongoni mwa watazamaji. Aliangalia saa yake, akasimama, akajikung'uta mavumbi, akaanza kupanda njia ya msikitini. Watu wote walimtazama yeye, kisha bibi, kisha yeye. Mtu wa haki ni mtu wa haki, lakini sijawahi kuona mtu anayepanda kilima akitazama nyuma mara nyingi namna ile.

Huko kigingini bibi alitia chambo kipya. Halafu akafanya jambo ambalo sikulielewa: akainama, akainua mguu wake wa kulia na kuuning'iniza nje ya kiboti, akiwa ameuzungusha mshipi mara kadhaa kwenye kidole gumba.

Mguu ukashona. Vidole, kisigino, vidole, kisigino. Na chini huko, gizani kwenye tope, chambo kikawa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, kwa namna ambayo naamini kambale hakuwahi kuiona katika maisha yake yote ya uvivu.

Hatukuona kambale. Tuliona bibi anateleza nusu benchi, mguu umenyooka kama bunduki, na tukasikia, "Mume wangu! Kimenishika!"

"Rudi! Rudi hivyohivyo!"

Akakiachia kigingi, akashika mpini. Alirudi akiwa amelala nusu chali, mkono wa kushoto umeshika njia, mguu wa kulia uko juu hewani na kambale mwenye sharubu anachapa maji pembeni, kiboti kimeinama upande mmoja lakini kinakuja moja kwa moja, mshono wa kiwandani. Muadhini alisimama kabisa njiani kutazama. Nadhani alikuwa anafunga kamba ya kiatu, ingawa alikuwa amevaa ndala.

Kiboti kiligonga tope. Bibi alishuka kwa mguu mmoja, akaruka mpaka kwenye sufuria kwa mguu huohuo, akausogeza mwingine juu ya mafiga, kambale akining'inia.

"Mtu aniondolee," alisema. "Siwezi kuinama, nitaanguka mchuzini."

Adhana ililia wakati mwenyekiti anaukata mshipi.

"Napinga," alisema shemeji yake. "Huyu amevua kwa mguu. Sheria inasema ndoano."

Mwenyekiti alimfungua kambale mdomo, akaonyesha. "Ndoano hii hapa. Upande wa pili wa mshipi una nini, sheria haijawahi kuuliza."

"Lakini..."

"Majivu yako pale, mzee."

Shemeji yake alivua kofia, akaiweka juu ya mtumbwi wa kijani, na baada ya kula alisugua sufuria mpaka ikang'aa. Bibi alikaa pembeni, mguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akimwonyesha sehemu alizoacha. "Pale, mume mtarajiwa. Na pale." Alikuwa anacheka pia yule mzee, nisimsingizie. Alisema mwaka ujao atakuja bila kofia, kwa sababu kofia ndiyo iliyomletea nuksi.

Mota ya mguu niliirudisha Korogwe pamoja na betri. Kwa ajili ya mota yake, bibi aliazima betri ya lori la jirani anayelala mchana. Bosi alipokea, akavaa suti yake ya mikono mifupi palepale juu ya shati, akajitazama kwenye kioo cha pikipiki.

"Hii ya mguu ina ubaya gani?" aliniuliza.

"Haina ubaya."

"Mbona mmeikataa?"

"Bibi anasema mguu wake una kazi nyingine."

Jioni nilimpigia bibi kumwambia kwamba suti imemkaa bosi, na kwamba nafikiria kuondoka Korogwe kwenda kuona Kilindi kukoje, nimesikia kuna watu wanachimba mawe yenye rangi. Nilitegemea kusimangwa.

"Nenda," alisema. Kwa mbali nilisikia cherehani inakwenda. "Mguu wako nao hautulii, kama wangu. Tatizo lako hujaufunga ndoano."

Kisha akaniuliza kama kifungo bado kipo. Nikaangalia. Kilikuwepo.